Sitini na Nne, Hamsini na Mbili

Jumamosi, 3 Januari

Leo nimefunga ubao. Mimi, Stumai wa Kirando, fundi simu wa Sumbawanga mjini, Mwislamu, nimepanda ngazi ndani ya kanisa Katoliki na kutundika ukutani ubao wa taa unaoonyesha namba za nyimbo. Chanzo ni Mama Albina, mwenye nyumba wangu. Yeye ni mwanakwaya, sauti ya pili, na alimwambia padre kwamba mpangaji wake anaweza kutengeneza chochote chenye waya.

Ubao una tarakimu tatu nyekundu, kubwa kama mikate. Nyuma yake kuna saketi ndogo yenye chipu moja, na programu iliyo ndani ya chipu nimeiandika mwenyewe, mwezi mzima wa Desemba. Waya wa USB unatoka kwenye saketi hadi kwenye kompyuta ya kwaya. Mwalimu wa kwaya anaandika namba, anabonyeza, ukuta unawaka, waumini wanafungua vitabu.

Mwalimu huyo ni Mwalimu Nestory, mstaafu wa shule ya msingi. Miaka ishirini na miwili ametundika namba za mbao kwenye misumari mitatu. Leo amezishusha mwenyewe, akafuta moja moja kwa leso, akazifunga kwenye gazeti.

"Pole, Mwalimu," nikamwambia.

"Pole ya nini? Hazijafa."

Huyu mzee hanipendi.

Jumapili, 4 Januari

Mama Albina karudi kutoka misa. Wimbo wa kwanza, 118, umetokea vizuri mpaka watu wakapiga makofi. Wa pili vizuri. Wa tatu Mwalimu kaandika arobaini na tano, ubao ukaonyesha 037. Kwaya ikaimba wake, waumini wakaimba wao.

"Lakini taa zake zinapendeza," kanifariji.

Jumatatu, 5 Januari

Nimeuleta ubao dukani. Nimeandika 45 mara arobaini. Mara arobaini umeonyesha arobaini na tano. Ni waya. Nimenunua mwingine, mnene.

Jumapili, 11 Januari

Waya mnene. Mwalimu kaandika thelathini na moja, ukuta umesema 025.

Jumatatu, 12 Januari

Mvua. Wateja watatu, simu zote zimeingia maji.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda kwenye mazoezi ya kwaya kushuhudia kwa macho yangu. Nimekaa mbele ya kompyuta, nimeandika 45. Ukuta: 045. Nimeandika 31, 64, 12. Zote sawa. Nikainuka kwa maringo kidogo, nikampisha Mwalimu.

Anabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeua chawa. Ukuta: 037.

Nikakaa mimi. 045.

Akakaa yeye. 037.

Wanakwaya wakaanza kucheka, sauti ya kwanza kwanza, kisha mabesi.

"Mwalimu, unabonyezaje?"

"Ninavyobonyeza siku zote."

Nikakumbuka kwamba sufu huzalisha umeme kidogo mwilini, na umeme huo unaweza kuvuruga chipu. Mwalimu alikuwa amevaa sweta zito la sufu, kama kila mtu mwenye akili katika baridi ya hapa. Nikamwomba alivue. Akalivua, akalikunja vizuri, akabaki na shati huku upepo unaingia mlangoni. Akabonyeza.

037.

"Nivue na nini kingine, fundi?" akauliza.

Nimerudi nyumbani na aibu yangu.

Jumatano, 21 Januari

Mama kapiga simu kutoka Kirando. "Nasikia siku hizi unashinda kanisani." Nimemweleza kuhusu chipu kwa nusu saa. Mwishoni kasema afadhali ningekuwa nimebadili dini, angalau angeelewa.

Jumapili, 25 Januari

Nyimbo zote sawa! Nne kati ya nne! Ijumaa nilikuwa nimebadilisha kapasita moja iliyovimba kidogo. Nimemwambia Mama Albina ilikuwa kapasita. Nimemwambia muuza vocha ilikuwa kapasita. Nimempigia Mama. Hakuuliza kapasita ni nini, kasema tu alhamdulillahi.

Jumapili, 1 Februari

Nyimbo zote sawa tena. Leo waliimba za mia na mia mbili, na jirani wa Mama Albina anasema ubao unafaa hata kupelekwa seminarini Kaengesa.

Jumamosi ijayo Lucia, binti wa Mama Albina, anaolewa. Namba ya kwanza itakayowaka ni ya bibi harusi kuingia. Mama Albina ameniambia nishone gauni, nitakaa na familia.

Jumamosi, 7 Februari



Kanisa lilijaa. Ndugu wa upande wa bwana harusi walikuja kutoka Milepa na gari la kukodi, watu thelathini na wawili, wote waimbaji, wote na vitabu vyao mkononi. Mimi nilikuwa bado sijaenda kukaa na familia, nimesimama pembeni karibu na mlango, gauni jipya, nimejitanda vizuri. Lucia alikuwa nje anashikwa mkono na baba yake mdogo. Gabriel, bwana harusi, alikuwa mbele.

Mwalimu Nestory akabonyeza. Sitini na nne, wimbo wa maarusi kuingia.

Ukuta ukawaka 052.

Mimi sikujua lolote. Sizijui nyimbo zao. Niliona namba nzuri nyekundu, nikafikiri hata hamsini na mbili ni wimbo. Na kweli ni wimbo. Ni ule wa kumtoa marehemu kanisani kwenda makaburini.

Mpiga kinanda alikuwa bado anatafuta sauti. Watu wa Milepa hawakumngoja. Walifungua hamsini na mbili, wakaanza, sauti nne, mabesi yanatoka chini ya ardhi. Mlango ukafunguka na Lucia akaingia katikati ya wimbo huo, mweupe, hatua moja moja, kama walivyomfundisha. Shangazi mmoja wa Milepa, kwa mazoea tu, akaanza kulia kwa sauti. Wazee wawili waliokuwa nje wakavua kofia. Nyuma yangu mama mmoja aliyechelewa akauliza, "Nani kafa?"

Kwaya yetu ikaingilia na sitini na nne, ili kuokoa jambo. Kinanda kikafuata sitini na nne, ngoma ikafuata hamsini na mbili. Lucia akasimama katikati ya kanisa. Gabriel akageuka kumtazama padre, padre akatazama ukuta, halafu kanisa zima, kwa utaratibu mzuri kabisa, likageuka kunitazama mimi.

Mwalimu Nestory ndiye aliyefanya kitu. Alichomoa waya kwa mkono mmoja. Ukuta ukazima. Akawageukia watu, akainua mkono mwingine, wakanyamaza wote, hata shangazi. Akaimba mstari wa kwanza peke yake. Sauti yake imechakaa lakini imenyooka. Mstari wa pili kanisa lote lilikuwa naye, na Lucia akatembea.

Sikwenda kwenye sherehe. Nimekaa chumbani na gauni langu.

Jumapili, 8 Februari

Mama Albina hasemi nami. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia akitazama sufuria.

Baada ya misa niliitwa kwenye kikao. Mwenyekiti wa kamati, mzee Evaristi, alitaka ubao ushuke leo leo, maana Aprili askofu anakuja kutoa Kipaimara na haiwezekani azikwe akiwa hai. Nilikuwa tayari nimeshika bisibisi.

Mwalimu Nestory akasimama. "Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na nne," akasema. "Sijamfukuza mtu kwa kukosea hesabu. Ubaki mpaka Aprili."

Walikubali. Nilimshukuru kwa mdomo. Lakini nimewaza njia nzima: kwa nini anitetee? Ubao ukishuka, watu watasahau. Ukibaki, utakosea kila Jumapili, na kila Jumapili wataona namba zake za mbao zilikuwa bora. Nikiandika mimi, sawa. Akiandika yeye, kosa. Huyu mzee anafanya makusudi.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua ya mawe. Mama Albina bado.

Alhamisi, 19 Februari

Jana Mama Albina alipakwa majivu, leo mimi nimeanza mfungo. Nyumba nzima ina njaa na hakuna anayezungumza. Hata paka wake kahamia kwa jirani.

Jumamosi, 28 Februari

Nimemtegea Mwalimu mtego. Nimeandika upya sehemu ya programu ya ndani, nikaipakia kwenye chipu. Sasa kila inapopokea kitu, chipu inarudisha taarifa kwa waya uleule wa USB na kompyuta inaiweka: nimepokea hiki, nimeonyesha hiki. Kama anaandika thelathini na saba na kudai kaandika arobaini na tano, Jumatatu nitakuwa na ushahidi wa kumpelekea padre.

Jumatatu, 2 Machi

Nimesoma taarifa.

Nimepokea 118, nimeonyesha 118.
Nimepokea 045, nimeonyesha 037.
Nimepokea 203, nimeonyesha 203.
Nimepokea 031, nimeonyesha 025.

Mwalimu aliandika sawasawa kila alichosema ameandika. Ni chipu inayosema uongo, na chipu hiyo nimeifundisha mimi.

Nimekaa nyuma ya meza ya duka, na swaumu yangu, nje matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na nimemfikiria yule mzee amesimama na shati kwenye baridi kwa sababu nilimwambia sweta lake lina umeme. Kisha akanitetea mbele ya kamati. Kisha nikamtegea mtego.

Alhamisi, 5 Machi

Nimesoma programu kutoka juu hadi chini mara sita. Haina kosa. Nimeisoma kutoka chini hadi juu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekwenda kwenye mazoezi nikiwa nimeamua kumwomba Mwalimu radhi. Wanakwaya walikuwa bado hawajafika kwa sababu ya mvua. Ndani kulikuwa na Mwalimu na Bibi Rhoda, anayekaa benchi la mbele kabisa tangu kanisa lijengwe. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba radhi yenyewe ilibidi niipige kelele.

"MWALIMU, NILIKUSHUKU!"

"NINI?"

"NILIKUSHUKU! NILIDHANI UNAKOSEA MAKUSUDI!"

"NAJUA!" akajibu. "TANGU LILE SWETA!"

Nikamwonyesha taarifa kwenye kompyuta. Akaisoma akiwa ameshusha miwani. Bibi Rhoda naye akasogea, akauliza tunasoma nini. Nikamweleza kwa sauti ya mnadani kwamba natafuta kwa nini ubao unakosea.

"Unakosea?" akashangaa. "Mbona sisi wa mbele tumeshauzoea! Ukiona thelathini na saba, unaimba arobaini na tano. Ishirini na tano ni thelathini na moja. Kumi ni kumi na mbili. Hamsini na mbili ni ya maarusi. Ukiona sifuri tupu, unangoja kwaya ianze, unafuata."

"Kila mara, Bibi? Haubadiliki?"

"Ubadilike kwa nini? Ni ubao."

Miezi miwili nilikuwa natafuta waya uliolegea, unyevu, radi, sweta. Vitu hivyo hukosea ovyo ovyo. Huu ulikuwa unakosea kwa adabu, kosa lilelile kila Jumapili, na mabibi wa benchi la mbele wamelikariri kama katekisimu.

Mwalimu alichukua chaki, akaenda kwenye ubao mweusi wa kufundishia sauti, akaandika namba mbili mbili, ya kweli kushoto, ya uongo kulia. 64 na 52. 45 na 37. 31 na 25. 12 na 10. Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono. Nilimwona anakuwa kijana.

"Toa!" akaniamuru.

"Nini?"

"Toa ya kulia kwenye ya kushoto!"

Nikatoa. Kumi na mbili, nane, sita, mbili.

"Sitini ina makumi mangapi?"

"Sita."

"Umepoteza kumi na mbili. Arobaini?"

"Manne. Nimepoteza nane."

"Thelathini?"

"Matatu. Sita." Nywele zikanisimama ndani ya mtandio. "Mwalimu, kila kumi moja linapoteza mbili."

"Kila kumi moja chipu yako inaliona nane," akasema, na safari hii hakupiga kelele, nilimsoma midomo. "Inahesabu kwa makundi ya manane. Ndiyo maana nyimbo zenye nane na tisa mwishoni zinaikanganya kabisa. Kwake hakuna nane. Baada ya saba ni kundi jipya. Nani kaifundisha?"

Nikaifungua programu pale pale. Nilikuwa nimeisoma mara sita nikitafuta kosa, sasa niliisoma nikitafuta nane, nikafika kwenye mstari mmoja nilioukopi mtandaoni mwezi Desemba, mstari unaogeuza herufi zilizopokelewa ziwe namba. Mwishoni mwake unatakiwa kuiambia chipu ihesabu kwa mtindo gani. Ukiandika kumi, inahesabu kwa makumi kama watu. Mimi niliandika sifuri, nikidhani sifuri maana yake hakuna shida. Maana yake ni: amua mwenyewe. Na chipu ikiachiwa iamue, inafuata desturi ya zamani ya waandishi wa programu, kwamba namba ikianza na sifuri, ihesabiwe kwa manane.

Ikianza na sifuri.

Nikamgeukia. "Mwalimu, kwa nini unaandika sifuri sita nne? Mimi huandika sita nne tu."

Akanishangaa kama mtoto aliyekuja shule bila kalamu. "Ubao una nafasi tatu. Namba za mbao zilikuwa na misumari mitatu. Msumari mmoja ukiuacha mtupu, watu hawajui kama umemaliza au namba imeanguka. Na ubao wako wenyewe unaonyesha sifuri. Mimi naandika ninachotaka kionekane."

Nilimwona akiibonyeza ile sifuri mara mia. Niliiona kama uzee.

Nimefuta sifuri ya kwangu, nimeandika kumi. Nimepakia. Nikampisha kiti. Akabonyeza kwa kidole kimoja, sifuri, sita, nne.

064.

Bibi Rhoda akatikisa kichwa. "Sasa hiyo ni wimbo gani?" akauliza.

Mwalimu alikuwa anacheka mpaka kafuta miwani. Wanakwaya wakaingia wameloa, wakamkuta hivyo, wakadhani ameugua.

Jumapili, 8 Machi

Nyimbo zote sawa, za makumi na za mamia. Safari hii sijampigia mtu.

Jioni, wakati wa kufuturu, mlango uligongwa. Mama Albina, na bakuli la uji wa ulezi.

"Mwalimu kanieleza habari za manane," akasema. "Sijaelewa. Ila kasema ni kosa la mtu mwangalifu kukutana na kosa la mtu mwenye haraka."

"Mwenye haraka ni mimi, mama."

"Hilo nililielewa. Kunywa, utapoa."

Kisha kaketi kitandani kwangu, kaanza kucheka peke yake. Shangazi wa Milepa, kanieleza, mpaka leo anasema hajawahi kulia vizuri hivyo harusini.

Ijumaa, 20 Machi

Idi, na imeangukia Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo wao hawali nyama. Nimepika pilau ya nyama. Mama Albina kainusa kwenye sufuria kwa macho yaliyofumbwa, kasema ataila kesho. Nimemfungia sahani yake.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kanisa lilijaa mpaka nje. Ubao umefanya kazi mwanzo hadi mwisho. Lucia na Gabriel wamekuja kusalimia, na Lucia kaniambia kila anapoona namba nyekundu anasimama njiani.

Jumapili, 12 Aprili

Kipaimara. Nilikuwa nimealikwa rasmi, kiti kando ya kwaya, ili niwe karibu na waya.

Vijana hamsini walipakwa mafuta, askofu alihubiri, ubao uliwaka kila ulipotakiwa. Baada ya komunyo kukawa kimya. Mwalimu alikuwa amechagua wimbo wa kutafakari, wa taratibu, ambao watu huimba wameinamisha vichwa. Akabonyeza sifuri, tatu, saba.

Ukuta: 037. Ya kweli, thelathini na saba halisi, mara ya kwanza tangu nirekebishe programu.

Benchi la mbele likainua kichwa, likasoma, likasimama. Mabibi kumi na wawili, Bibi Rhoda akiongoza, kwa nguvu zote za kifua, wakaanza arobaini na tano.

Nilijua kabla ya Mwalimu kushika kichwa. Miezi mitatu ya mazoezi ya Jumamosi imeniingia. Arobaini na tano ni wimbo wa matoleo, wa kucheza, wa kupeleka zawadi mbele.

Na watu wakapeleka. Mpiga ngoma alishindwa kujizuia. Waliokuwa wametoa walitafuta mifukoni tena. Mama mmoja alirudi nje mbio, akaja na kuku ambaye nadhani alikuwa wa safari nyingine. Kikapu cha ulezi kilichokuwa kimeshawekwa kando ya altare kilibebwa hadi mlangoni ili kije upya. Mzee Evaristi alikimbia kuwazuia, akakutana na mstari wa wachezaji, akajikuta anacheza. Askofu alisimama, akapokea kuku kwa mikono miwili, akaimba ubeti wa tatu kwa moyo.

"Nimezunguka sana," akasema walipokaa. "Kigango kinachotoa mara mbili sijakiona."

Mwalimu Nestory alikuwa ameinama chini ya meza ya kinanda, mabega yanatikisika. Mimi nilijifunika mtandio usoni.

Jumatatu, 13 Aprili

Jua, siku ya tatu sasa. Barabara inaanza kukauka.

Bibi Rhoda kaja dukani kwa miguu, na fimbo yake, kakaa kwenye kiti cha wateja kabla sijamkaribisha. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba.

"Mjukuu wangu," akasema, "ule ubao umeuharibu."

"Hapana, bibi. Nimeutengeneza."

"Ulikuwa mzima. Thelathini na saba ilikuwa arobaini na tano, kila mtu anajua. Jana umetuaibisha mbele ya askofu."

"Bibi, sasa thelathini na saba ni thelathini na saba. Unachokiona ndicho unachoimba."

Akatazama simu zilizofunguliwa mezani kwangu kama mtu anayetazama samaki wasiotumbuliwa vizuri.

"Zote?"

"Zote."

"Na hamsini na mbili?"

"Ni ya mazishi, bibi."

"Haya." Akainuka, akaegemea fimbo. "Nitawaambia wenzangu. Tulichukua miezi miwili kujifunza, tutachukua miwili kusahau. Ila mpaka hapo, yeyote asife."